Mashua ni Yako, Bahari Si Yako



Mwanafunzi mmoja, ambaye kwao ni kando ya ziwa, ametuletea barua fupi. Asema hivi: «Kila tuendapo sokoni twangoja chombo cha watu wengine. Twangoja mpaka kijae, twaketi juu ya magunia, na nahodha hatuelezi neno. Nitakapokuwa mtu mzima nataka niwe na mashua yangu mwenyewe, niende po pote nipendapo, saa yo yote nipendayo, nisiamriwe na mtu. Je, wako watu duniani waishio hivyo?»

Ndiyo, mwanangu, wako. Tena wako wengi. Leo na tuwatembelee kwa mawazo, tuone jinsi wanavyosafiri, ndipo tutaweza kukujibu vema kama kweli hawaamriwi na mtu.

Twende mpaka nchi ya Ugiriki. Nchi hiyo si ngeni kabisa kwetu. Wazee wa Lubumbashi na wa Kisangani wayakumbuka bado maduka ya Wagiriki waliokuja zamani kufanya biashara katika Kongo, na baadhi yao walikuwa wazaliwa wa visiwani. Visiwa vya Ugiriki huhesabiwa kwa maelfu, ingawa vinavyokaliwa na watu ni sehemu ndogo tu. Karibu na Athene, mji mkuu, kuna ghuba iitwayo Saronikos, na ndani yake visiwa vinne ambavyo wasafiri wa mashua huvipenda sana: Aegina, Poros, Hydra na Spetses. Kila kimoja kina mji wake mdogo wa bandari, na kutoka kimoja hadi kingine ni safari ya saa chache tu.

Mkristo naye anayo sababu ya kuikumbuka ghuba hiyo. Pembeni mwake palikuwa na Kenkrea, bandari ya Korinto. Hapo ndipo Mtakatifu Paulo aliponyoa kichwa chake kwa ajili ya nadhiri, kabla ya kupanda chombo kwenda Siria. Na hapo ndipo alipokaa Foibe, yule mama mwema ambaye Mtume amsifu mbele ya Warumi. Basi maji tutakayosafiri leo yamebeba vyombo tangu zamani sana.

Kwanza tuitazame mashua yenyewe. Ni mashua ya tanga, yenye urefu wa mita 10 au 12. Ina mlingoti mmoja, matanga mawili, na injini ndogo ya dizeli ya kuisaidia upepo unapokosa. Chini ya sitaha mna vyumba vidogo vya kulala, jiko, meza, na tangi la maji. Watu sita au wanane hukaa humo kwa kubanana. Wengine wana mashua yao wenyewe. Wengine huikodi kwa juma moja, toka Jumamosi hata Jumamosi. Mwendo wake si wa haraka: maili tano au sita za bahari kwa saa. Maili moja ya bahari ni mita 1,852. Kwa hiyo mashua hiyo haimpiti sana mtu aendeshaye baiskeli polepole. Lakini haingoji abiria, haibebi magunia, na mwenyewe ndiye ashikaye usukani. Hii ndiyo ile mashua uliyoiota, ee mwandishi wa barua.

Basi sasa tuanze safari, na katika kila bandari tuulize: je, huyu mwenye mashua ni huru?

Hata kabla ya kung'oa nanga twaona jambo. Mtu akitaka kukodi mashua ya tanga huko bila nahodha, sheria yamdai awe na hati ya kuonyesha kwamba amejifunza unahodha, na awe na mwenzake mmoja aijuaye kazi. Majina ya wote waliomo chomboni huandikwa. Kila mtu huwekewa koti lake la kuokolea maisha, hata mtoto mdogo apate la kipimo chake. Kuna redio, na namba 16 ya redio hiyo huachwa wazi kwa kuomba msaada. Kuichezea kwa mazungumzo ya bure ni aibu kubwa. Haya yote ni amri, na mwenye mashua azitii angali bado gatini.

Twafika Aegina. Mlangoni mwa bandari, kwenye ncha ya gati, pana kanisa dogo jeupe la Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia. Mji huo mdogo uliwahi kuwa makao ya serikali: katika mwaka 1828 Ioannis Kapodistrias, mtawala wa kwanza wa Ugiriki iliyokuwa ikijikomboa katika utawala wa Waturuki, aliapishwa hapo. Wenyeji hulima pistachio, njugu za mtini zenye sifa mpaka ng'ambo, na juu ya kilima kuna hekalu la kale la Aphaia, lililojengwa yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Msafiri atapenda kukaa siku mbili au tatu. Lakini jioni nahodha hayatazami magofu. Aitazama habari ya hewa. Auliza: kesho upepo watoka wapi, na una nguvu gani? Kama upepo wa kesho hauifai bandari aliyoichagua, huichagua nyingine. Shabaha ya safari ni yake, lakini njia yapangwa na upepo.

Kutoka hapo twaenda Poros. Jina hilo katika Kigiriki maana yake ni kivuko au mapito, na kweli mji umejengwa kando ya mlango mwembamba wa bahari. Upande mmoja ni mji wa Poros na nyumba zake zilizopanda kilima hata kwenye mnara wa saa. Upande wa pili, mita mia chache tu, ni kijiji cha Galatas katika nchi kavu. Mtu asimamaye gatini aweza kuona nguo zilizoanikwa ng'ambo. Maji yametulia kama ya kisima, na mgeni hudhani kwamba hapa hapana hatari yo yote. Kumbe hatari iko chini. Mashua ya tanga ina mkuku mzito unaoshuka majini kama mita mbili, na katika mlango huo kuna mahali ambapo maji ni haba. Hapo nahodha hufungua ramani ya bahari, ambayo juu yake vina vya maji vimeandikwa kwa tarakimu, akafuata njia iliyoonyeshwa, hata kama njia iliyonyoka machoni pake ni fupi zaidi. Yule asemaye «mashua ni yangu, nitapita nitakapo» atakwama mchangani mbele ya macho ya mji mzima.

Katika kisiwa hicho kulikuwa na hekalu la Poseidon, ambaye Wagiriki wa kale walimfanya mungu wa bahari. Humo ndimo alimokimbilia Demosthenes, msemaji mashuhuri wa Athene, alipofuatwa na askari wa Makedonia katika mwaka 322 kabla ya Kristo. Alipoona hana njia tena, alijiua kwa sumu. Maisha yake yote alikuwa akisema juu ya uhuru wa mji wake. Kuvuka maji tu hakukumpa uhuru huo.

Bandari ya tatu ni Hydra, nayo ndiyo itakayotufunza zaidi. Hydra ni kisiwa cha mawe matupu, chenye wenyeji wapatao elfu mbili. Hakuna motokaa za watu wala pikipiki. Mizigo yabebwa na punda na nyumbu waliopangwa gatini, wakingoja meli. Zamani watu wa hapa walikuwa mabaharia matajiri, na katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821 walitoa meli nyingi. Mkuu wao wa baharini, Andreas Miaoulis, aheshimiwa mpaka leo. Nyumba za mawe za manahodha hao zimeizunguka bandari kama watu wazungukavyo ngoma. Bandari yenyewe ni ndogo mno kuliko sifa yake.

Sasa angalieni jinsi mashua zifungwavyo huko. Haziegeshwi ubavu, maana nafasi isingetosha. Nahodha hutupa nanga katikati ya bandari, kisha hurudi kinyumenyume, mnyororo ukitoka omo, yaani mbele ya chombo, mpaka tezi, yaani nyuma, ikaribie gati. Hapo mtu huruka na kamba na kuifunga. Kwa hiyo kila mashua yashikwa kwa nyuma na gati, na kwa mbele na mnyororo ulalao chini ya maji. Gati likijaa, wengine hujifunga nyuma ya waliotangulia, safu ya pili, hata ya tatu. Juu ya maji kila mtu ana mahali pake. Lakini chini, pasipoonekana, minyororo imelaliana mmoja juu ya mwingine, kama kamba za mbuzi waliofungwa katika uwanja mdogo.

Asubuhi kunakucha. Tuseme mtu mmoja anataka kuondoka mapema. Afungua kamba zake, avuta mnyororo, na tazama, nanga yake yainuka na mnyororo wa jirani juu yake. Akiuvuta kwa nguvu, ataing'oa nanga ya jirani, na mashua ya jirani, ambamo watoto wangali wamelala, itasukumwa na upepo mpaka igonge gati. Afanyeje? Hakuna njia ila moja. Apunguze haraka yake. Amwite jirani kwa adabu. Apitishe kamba chini ya mnyororo ule wa mwenzake, aifunge kwenye mashua yake ili kamba ichukue uzito. Kisha aishushe nanga yake kidogo mpaka ijitoe, aisogeze mashua, ndipo aifungue ile kamba taratibu, na mnyororo wa jirani urudi chini mahali pake. Kazi hii yaweza kuchukua nusu saa. Nahodha mwema haoni aibu kuifanya, wala hapigi kelele, maana ajua kwamba jana jioni, yeye alipokuwa akitupa nanga, aliitupa bila kuona. Labda kosa ni la jirani; labda ni lake. Chini ya maji ni vigumu kujua.

Enyi wazazi, je, katika mitaa yetu si vivyo hivyo? Nyumba zetu zina milango na kuta, na kila mtu asema «kwangu». Lakini maji ya mfereji wangu yapita kwako, kelele za redio yangu zaingia katika usingizi wa mtoto wako, deni langu limefungwa na lako. Mtu akivuta mnyororo wake kwa hasira, mara ang'oa nyumba ya mwenziwe.

Bandari ya nne ni Spetses. Humo alikaa Laskarina Bouboulina, mama mjane aliyetumia mali yake kuunda meli ya vita, iliyoitwa Agamemnon, na kuitoa kwa ajili ya ukombozi wa nchi yake. Alizaliwa gerezani katika mwaka 1771, baba yake alipokuwa amefungwa na Waturuki. Akafa mwaka 1825 kwa risasi, katika ugomvi wa jamaa. Katika bandari ya zamani ya Spetses ingaliko mahali pa kuundia na kutengenezea mashua za mbao. Hapo husikika nyundo, hunukia rangi na lami, na mbavu za chombo zaonekana wazi kama za samaki aliyeliwa. Waswahili husema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwenye mashua avaaye kofia nyeupe na kushika usukani anaelea juu ya kazi ya mikono ya watu asiowajua.

Sasa tumefika kwenye jambo kubwa la habari yetu.

Wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa Julai na Agosti, upepo mkali wa kaskazini huvuma katika bahari ya Ugiriki. Wenyeji huuita meltemi. Waweza kuvuma siku nyingi mfululizo, na mara nyingi mbingu ni samawati wala hakuna wingu. Ghuba ya Saronikos yakingwa na nchi kavu, hivi kwamba huko meltemi hauna ukali ule wa visiwa vya mbele. Lakini siku nyingine wafika huko pia. Mabaharia hupima upepo kwa kipimo kilichobuniwa mwaka 1805 na Mwingereza Francis Beaufort, toka 0 mpaka 12. Namba 6 ikitajwa, mawimbi makubwa yaanza na povu jeupe laenea po pote, naye mwenye mashua ndogo hufikiri mara mbili. Namba 8 ni tufani, upepo wa kilometa 62 kwa saa na zaidi.

Tuseme basi ni Ijumaa, na mashua iko Hydra. Kesho lazima irudishwe karibu na Athene, nao wasafiri wana ndege ya kurudi kwao. Upepo wa kaskazini umeamka, na njia yao yaelekea kaskazini, usoni pa upepo. Mawimbi yaonekana meupe nje ya mlango wa bandari. Wasafiri wamekasirika. Mmoja amwambia nahodha: «Bwana, sisi tumelipa.» Nahodha amjibu: «Mmelipia mashua, hamkulipia upepo.» Mwingine asema: «Jana mashua nyingine iliondoka.» Nahodha ajibu: «Kama ilifika, namshukuru Mungu. Mimi siendi. Zikiruhusiwa meli kubwa za abiria, pandeni mwende. Mimi nitaingoja hewa.» Hakuna amshangiliaye kwa neno hilo. Hakuna aandikaye habari zake gazetini, kwa sababu hakuna kilichotokea. Wote wafika makwao wakinung'unika, lakini wafika.

Mwanangu mwandishi wa barua, hapo ndipo uhuru wa mwenye mashua ulipo. Katika mambo mengine yote tumemwona akitii: atii sheria kabla ya kuondoka, atii hewa kule Aegina, atii kina cha maji kule Poros, atii mnyororo wa jirani kule Hydra. Kwenda apendako saa apendayo, hilo hakulipata. Alipata jambo moja tu, nalo ni kubwa: hakuna awezaye kumlazimisha aondoke. Aweza kusema «leo hapana». Mashua ikiwa yako, neno «hapana» ni lako pia, na lawama yake ni yako.

Sasa turudi kwetu. Tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilizama katika ziwa Kivu kilipokuwa karibu kabisa kufika bandari ya Kituku, mjini Goma. Watu waliokuwa kando ya maji walikiona kikizama. Kilikuwa kimejazwa kupita kiasi. Watu wengi walikufa, akina mama na watoto wakiwamo, na jamaa nyingi zingali katika matanga yasiyokwisha moyoni. Tusithubutu kuwalaumu wale waliopanda. Barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Soko lilikuwa Goma. Chakula cha watoto kilitegemea safari ile. Mwenye haja hana nafasi ya kungoja. Aona chombo kimejaa, na bado apanda, maana kurudi nyumbani mikono mitupu ni msiba mwingine.

Ndiyo sababu neno «hapana» ni lazima litoke kinywani mwa mwenye chombo. Abiria mwenye njaa hawezi kulisema. Basi mwenye chombo alitamke kwa niaba yake. Amkatae mtu wa mia na moja ikiwa mahali ni pa watu mia. Akatae gunia la mwisho, ijapokuwa nauli yake ni tamu. Akatae kuondoka bila makoti ya kuokolea. Nao watu wa serikali wenye kazi ya kukagua wasifumbe macho kwa sababu ya noti chache. Atakayekataa atachekwa, ataitwa mwoga, atapoteza pesa za siku hiyo. Lakini jioni kila mama atapika nyumbani kwake.

Nawe, mwanafunzi wetu, usiache ndoto yako. Ziwa lahitaji mashua njema, na mashua njema yahitaji wenyewe wenye akili. Jifunze hesabu, upate kujua uzito ambao chombo chaweza kuchukua. Jifunze ramani na habari za hewa. Jifunze kuogelea, na kuwafunza wadogo zako. Na tangu leo, ungali huna hata kasia, zoea jambo dogo: wenzako wakisema «twende tu, hakuna neno», nawe waona hatari, useme «hapana» kwa upole, bila kuona haya. Siku utakapoishika mashua yako, neno hilo litakuwa limezoea ulimi wako.

Kisha, siku hewa ikiwa njema na maji yametulia, ung'oe nanga, utuchukue na sisi. Tutaketi tulipoambiwa, nasi hatutanung'unika.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.